Mkono Mmoja na Bunduki ya Misumari

Msumeno wa meza ulimkata mama yangu vidole viwili vya mkono wa kushoto siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Kufikia saa nane mchana mjomba alikuwa ameshaamua maisha ya mama yaliyobaki yatakuwaje.

"Dada, kazi basi," alimwambia pale hospitalini, hata ganzi haijamwisha mkononi. "Umehangaika vya kutosha. Ukipona utakaa meza ya mbele, utapokea simu, utaongea na wateja. Wewe una maneno mazuri."

Katika maisha yangu yote, ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia mjomba akizungumza mpaka mwisho mbele ya dada yake bila kukatwa kauli.

Karakana ya useremala waliachiwa wote wawili na babu, nusu kwa nusu. Mama ni mkubwa kwa miaka saba. Ndiye aliyemfundisha mjomba kunoa patasi, na ndiye aliyemfukuza mlangoni siku alipokanyaga mbao iliyokwisha kupigwa msasa. Mafundi walimwita Fundi Pembe, kwa sababu mbao mbili zikikutana kwenye kona chini ya mikono yake, hukuti upenyo. Wateja wengine walilijua jina bila kujua kwamba mwenye jina ni mwanamke. Walikuja, wakamkuta mama na aproni yake ya turubai na penseli sikioni, wakamwuliza fundi yuko wapi. Mama aliwaambia, "Subirini nimwite," akageuka akatazama ukuta kidogo, kisha akawageukia tena. "Haya, ameshafika. Mnasemaje?"

Sasa kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimekwenda. Cha kati kilikakamaa. Kidole gumba na cha shahada vilibaki vinakutana, lakini bila nguvu. Viliweza kushika kikombe kitupu, kilichojaa hapana.

Miezi minne mama alikaa meza ya mbele. Nilikuwa nikitoka kazini kwangu, duka la dawa, nampitia jioni turudi nyumbani pamoja. Nilimkuta ameketi wima, simu mbele yake, na nyuma ya ukuta wa mabanzi randa zinaimba. Kila siku alikuwa amepungua kidogo, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

"Vipi leo, mama?"

"Leo nimesema 'karibu' mara thelathini na moja. Nimehesabu."

Nikamwambia avumilie. Ndiyo, hata mimi nilimwambia hivyo. Sitajitoa kwenye kundi la waliomkalisha.

Nyumbani kwetu, ukitaka kujua, palikuwa na aibu moja ya siku nyingi: nyumba ya seremala haikuwa na skatingi, ile mbao nyembamba inayofunika pale ukuta unapokutana na sakafu. Milango nayo ilikuwa na fremu tupu, lipu imeachama pembeni. Mbao zenyewe zilikuwepo, zimerandwa, zimesimamishwa nyuma ya kabati tangu baba angali hai. Ni ile hadithi ya kila fundi, anamalizia za watu, yake inasubiri. Mchwa na sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka kama wana funguo zao.

Jumamosi moja asubuhi niliamshwa na nyundo. Ko. Ko. Kimya. Kisha kitu kikaanguka, na mama akasema neno ambalo silitaji hapa.

Nilimkuta amepiga magoti sebuleni, mbao imeegemea ukuta, anajaribu kushika msumari kwa koleo lililobanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Misumari saba ilikuwa chini, yote imepinda. Mbao ilikuwa na alama za nyundo kama uso wenye ndui. Na kile kidole chake cha kati, kilichokakamaa, kilikuwa kinatoka damu.

"Mama, acha."

"Niache nini?"

"Hii kazi."

Alinitazama kutoka pale chini. "Ungeniambia niache kupumua ningekuelewa zaidi."

Nikamfunga kidole. Wakati namfunga, hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia nyundo.

"Nyundo inataka mikono miwili," akasema polepole, kama mtu anayesoma barua. "Mmoja wa kupiga, mmoja wa kushika msumari. Basi nitafute kitu kinachojishikia msumari chenyewe. Vaa viatu."

Alikuwa anazungumzia bunduki ya misumari, ile ya hewa. Ndani ya karakana yao jina hilo lilikuwa karibu na tusi. Mjomba alikuwa anasema hizo ni bunduki za wavivu, na kwamba babu angeona moja tu angefufuka aje kuwafungia mlango. Tulipopita karakana kumwambia tunakokwenda, akarudia hayo hayo.

"Baba hakuwahi kushika uchafu huo, dada."

"Baba alikuwa na mikono miwili," mama akasema, akaendelea na safari.

Duka la vifaa vya ujenzi lilinuka rangi na mpira mpya. Muuzaji, mwanamume mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, aliuona mkono wa mama, kisha akanigeukia mimi.

"Karibu dada. Mama anatafuta nini?"

"Mwulize mwenyewe."

"Ndiyo, lakini anatafuta nini hasa?" Bado ananiangalia mimi.

"Mama anatafuta masikio yako," mama akamwambia. "Yakipatikana, nitahitaji pia bunduki ya misumari ya hewa."

Akaenda akarudi amekumbatia dude kubwa, akaliweka kwenye kaunta likalia ngo! "Hii ndiyo kiboko. Inapiga msumari mrefu kama kidole changu. Hata zege inaingia."

"Hata zege?"

"Kabisa, mama."

"Leta zege tuone."

Muuzaji akacheka. Mama hakucheka. Muuzaji akaacha.

"Mimi nafunga skatingi na mbao za milango," mama akasema. "Hiyo ni kama wanja wa nyumba. Nataka kupaka wanja, wewe umeniletea ufagio. Halafu hizi nyumba zetu, msumari wa kazi hiyo hauingii zegeni hata ukiubembeleza. Kwangu kuna papi za mbao zimefungwa ukutani chini, ndizo zinazopokea msumari. Usiwadanganye watu wakaenda kujitoboa macho."

Ya pili ilikuwa ya betri. Muuzaji aliisifu: haina mpira wa hewa, haina kompresa ya kusukuma hewa, unatembea nayo kama simu. Mama akaichukua kwa mkono wa kulia, akanyoosha mkono mbele, akaanza kuhesabu. Tukasubiri. Alipofika kwenye hesabu ya ishirini, pua ya mashine ikaanza kuinama.

"Nzuri, lakini betri imekaa mkiani, inanivuta. Mwingine angeisaidia kwa mkono wa pili. Wangu wa pili uko likizo."

Ya tatu ilikuwa ndogo, nyembamba, ya hewa, haikuzidi kilo moja na robo. Mama aliponyoosha mkono nayo alihesabu mpaka sitini, pua ikabaki ilipo. Hapo ndipo nilipomwona akianza kununua kweli. Akaibonyeza pua kwenye kaunta kuhakikisha kwamba haiwezi kufyatuka mpaka iguse mbao. Akatafuta gurudumu dogo la kupangia kina. Akaangalia kama kuna kifuniko cha mpira puani, kisiache alama kwenye mbao laini. Akauliza misumari ikiisha ndani itaendelea kupiga hewa tupu na kumtobolea mbao bure, au itajizuia. Muuzaji alikuwa sasa anajibu kwa heshima, jasho likimtoka kidogo juu ya mdomo.

"Sasa niijaribu," mama akasema.

"Hatujaribishi, mama. Ukishapiga imekuwa yako."

"Na viatu? Nikiviingizia mguu vinakuwa vyangu?"

"Hiyo ni tofauti. Labda..." Akasita, na hapo akafanya kosa la siku. "Labda urudi na fundi wako, yeye ataijua bila kuijaribu."

Mama akavuta ndoo ya rangi ya lita ishirini, akaikalia katikati ya njia. Akaweka mkono wa kushoto juu ya goti, wazi, vidole vitatu vinamtazama muuzaji.

"Fundi wangu nimekuja naye. Ndiye huyu amekaa. Na hataondoka."

Foleni ikajaa nyuma yetu. Nilitamani sakafu inimeze. Dakika zikapita. Hatimaye fundi bomba mmoja aliyekuwa amebeba bomba begani akasema, "Bwana, mpe mama ajaribu, wengine tuna maji yanamwagika huko."

Wakaiunganisha na kompresa ya dukani. Mama alipiga misumari mitatu kwenye kifuniko cha kreti. Wa kwanza ulibaki umechungulia. Akazungusha gurudumu. Wa pili ukazama kiasi cha unene wa karatasi chini ya uso wa mbao. Wa tatu aliupiga karibu na ukingo kabisa, na mbao haikupasuka. Akapitisha kidole.

"Hii."

Muuzaji akataka kumpa misumari ya geji kumi na sita, kwamba ni minene na inashika zaidi. "Namba ikipanda msumari unakonda, hilo unalijua," mama akamwambia. "Kumi na sita itanipasulia mbao nyembamba. Ishirini na tatu ni sindano, haina kichwa, itashikilia kwa nia njema tu. Nipe kumi na nane. Mbao yangu ni milimita kumi na tano, kwa hiyo nipe ya arobaini ipite iingie vizuri kwenye papi, na pakiti moja ya ishirini na tano kwa ule upande wa fremu." Tukachukua na kompresa ndogo ya tangi la lita ishirini na nne, mpira wa hewa, na miwani miwili ya kazi. Fundi bomba alitusaidia kupakia, akimwita mama "mkuu".

Nilidhani vita imekwisha pale. Ilikuwa haijaanza.

Nyumbani niliwasha kompresa. Ililia kwa nguvu, mlio mzito unaotetemesha sakafu, na nikamwona mama akibadilika rangi. Mkono wa kushoto uliruka wenyewe ukajificha kwapani. Jasho likamtoka. Mlio ule ulikuwa ndugu wa mlio wa msumeno. Akageuka, akatoka nje mbio, nikamsikia anatapika karibu na kamba ya nguo.

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Usizime!" akapiga kelele kutoka huko nje.

"Mama..."

"Nimesema usizime! Iache ilie. Mimi ndiye nitakayeizoea, siyo inishinde halafu wewe uinyamazishe."

Basi nikasimama sebuleni na ile kelele, na yeye akasimama nje na ile kelele, hadi tangi likajaa na kompresa ikajikata yenyewe. Mama akaingia, ameosha uso. Akafungua hewa, tangi likashuka, kompresa ikawaka tena, akasimama karibu zaidi. Mara tatu alifanya hivyo. Mara ya nne alikuwa anavaa miwani huku inalia.

Hakugusa ukuta siku ile. Alipanga kipimo cha hewa kwenye paundi themanini, akapiga vipande vibovu vya mbao tu, kimoja baada ya kingine. Bunduki aliishika iwe inakatiza njia ya mbao, ile mistari ya nyuzi zake, kwa sababu ncha ya msumari ikifuata njia ya mbao inaifungua kama unavyofungua kuni. Baada ya muda sauti ikawa moja, pa, pa, pa, ya mtu anayejua anachokifanya. Kisha ghafla akasimama.

"Njoo uone."

Msumari mmoja ulikuwa umekutana na fundo ndani ya mbao, ukapinda, ukatokea ubavuni. Ncha ilikuwa imechomoza hapo, nyembamba, inang'aa, mahali ambapo mtu angeweka vidole akishikilia mbao.

"Haitoi taarifa," mama akasema. "Ule msumeno nao haukutoa."

Nilingoja aseme imetosha. Badala yake akaniagiza nilete kandambili kuukuu na mkanda wa zamani wa baba. Akakata soli, akaigundisha chini ya kipande cha mbao kirefu kama shibiri mbili, akakifunga kwa mkanda kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifundo. Sasa mkono ule usioweza kushika uliweza kukandamiza. Soli ilikamata mbao bila kuteleza, na nyama yote ilikuwa mbali na pua ya bunduki.

"Vidole havioti," akasema. "Kwa hiyo hivi vilivyobaki vina cheo."

Kwa siku nne sebule yetu ilibadilika. Alikata pembe kwa msumeno wa mkono, mbao imebanwa kwenye jiliwa, akazipaka gundi, akazibana na msumari mmoja kila kona. Vitundu vya misumari vilikuwa vidogo hata puti ya kuzibia, kiasi cha ncha ya kidole, ilivifuta. Sisimizi walikuja asubuhi ya tano wakakuta mji umefungwa.

Mjomba alikuja Jumapili. Akainama, akatazama kona, akapitisha ukucha. Nilimwona amekuta kitu ambacho hakukitarajia. Lakini aliponyooka alikuwa ameshakifunika.

"Sawa, dada. Hapa nyumbani chezea. Ila kazini usije nayo."

Neno lile, chezea. Mama alimpa chai, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi akaosha kikombe chake mara mbili.

Wiki hiyo mjomba alikuwa na kazi kwenye kliniki ya daktari wa meno: milango sita na skatingi ya ukumbi mzima. Alimpeleka fundi wake mmoja, jamaa mrefu mno ambaye karakana nzima ilimwita Mlingoti. Alhamisi asubuhi daktari mwenyewe akapiga simu, na mama ndiye aliyepokea.

"Mama, huyu fundi wenu akipiga nyundo, mgonjwa wangu anaruka kwenye kiti. Nina sindano mkononi! Halafu mbao mbili zimepasuka. Jumatatu naanza kupokea watu ukumbi wote. Nifanyeje?"

"Fundi anakuja sasa hivi."

"Yupi?"

"Anayekuja."

Akanipigia mimi. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikafika na gari la kukodi. Nilipoelewa anachotaka nikamwambia mjomba atakasirika.

"Akasirike. Tunakwenda kwa daktari wa meno, kama anataka kuuma atatibiwa huko huko."

Tukapitia nyumbani kuchukua bunduki na kompresa. Daktari alikuwa mfupi, mchangamfu, koti jeupe. Aliutazama mkono wa mama bila kujificha, kama madaktari wanavyofanya, kisha akaitazama bunduki.

"Hiyo inatumia hewa?"

"Hewa."

"Hata mimi!" Akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Akatupeleka nyuma kutuonyesha kompresa yake inayoendesha vifaa vya meno, akaeleza kipimo anachotumia, na mama akamweleza chake. Wakakubaliana namna ya kufanya. Yeye akipumzisha kifaa chake atagonga ukuta mara moja, ndipo mama apige. Mlingoti akapewa kazi ya kukata na kupitisha mbao, na nitasema kwa haki yake kwamba hakununa. Alisema tu, "Fundi Pembe, afadhali umekuja."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda asubuhi ile. Ukuta unagongwa, ko, na mama anapiga: misumari mifupi upande wa ndani kwenye fremu, mirefu upande wa nje, kila mahali alipotia alama ya penseli. Mgonjwa mmoja alitoka na pamba mdomoni akasimama kumtazama mpaka daktari akamfukuza kwa upole.

Mama alikuwa kwenye mlango wa tatu mjomba alipofika. Nadhani alipiga simu karakana ikaita bila kupokelewa. Aliingia, akaona, na bila kusema neno akaenda moja kwa moja kwenye kompresa akachomoa mpira wa hewa. Hewa ikatoka kwa msonyo mrefu. Bunduki ikafa mkononi mwa mama.

"Nani amekupa ruhusa?"

Mama hakuinuka. "Baba. Alipoandika nusu."

"Unanivunjia heshima mbele ya mteja."

"Mteja huyo hapo. Mwulize kama heshima yako anaiona kwenye mlango gani. Ule uliopasuka au huu?"

Daktari akafunga mlango wake taratibu. Mlingoti akagundua kwamba ana haja ya kwenda nje. Nikabaki mimi.

"Dada, unataka nini?" mjomba akasema. "Nimekupa meza. Nimekupa kiti. Hakuna anayekusumbua. Ukiumia tena mimi nitaishije? Kila nikikuona na chombo mkononi naiona ile meza, naiona ile damu..."

"Kinga ya msumeno uliitoa wewe," mama akasema.

Mimi sikuwa nalijua hilo. Katika miezi yote ile hakuna aliyeniambia.

"Jumatatu jioni uliitoa ili upitishe mbao nene, ukaiacha juu ya dirisha. Niliiona nikiwa nimelala chini. Sikukusema kwa polisi, sikukusema kwa daktari, wala kwa huyu mwanangu. Nilijua ni haraka zako, siyo ubaya." Akafungua mkanda, akavua ule mkono wake wa kandambili, akamwinulia kiganja. "Lakini usiniambie umenikalisha kwa ajili yangu. Umenikalisha ili usiuone huu. Basi utauona. Asubuhi utauona, mchana utauona, utauona umeshika kazi. Mimi sitajificha nyuma ya ukuta wa mabanzi ili wewe upate usingizi."

Mjomba alilia. Alilia amesimama, mpira wa hewa mkononi, mwanamume wa miaka hamsini. Nilitaka kumwendea, mama akanikataza kwa macho. Hakumfariji. Alingoja, goti moja chini, mpaka akamaliza kufuta uso kwa mkono wa shati.

"Rudisha mpira," akamwambia.

Akaurudisha. Kompresa ikawaka. Mama akafunga mkanda wake kwa meno, akaweka mbao mahali pake, na mjomba, bila kuambiwa, akapiga magoti kushika upande wa chini.

"Toa mkono hapo. Shibiri moja kutoka kwenye pua, siku zote."

Akautoa. Ukuta ukagongwa. Mama akapiga.

Walimaliza Jumamosi saa kumi. Siwezi kusema tangu hapo ni asali. Mjomba hakuwahi kuomba radhi kwa maneno, na mama hakuwahi kusema amesamehe. Wanagombana bado, safari hii kuhusu nafasi, kwa sababu mama amechukua sehemu yenye dirisha na mwanga mzuri, na mjomba anadai ilikuwa yake. Kinga ya msumeno imefungwa kwa boliti, na funguo ya boliti hizo anaining'iniza mama shingoni. Mafundi wawili wamejifunza bunduki. Mmoja amekataa katakata, anasema yeye ni mtu wa nyundo, na mama amemwacha. "Kukataa ni haki yake," anasema. "Ila asije akanikatalia mimi." Mkono unamuuma siku za baridi. Mlio wa kompresa, ameniambia, bado unaupeleka mkono kwapani kila asubuhi, mara ya kwanza tu, kisha unapita.

Mwezi uliopita nilihamia nyumba yangu mwenyewe, vyumba viwili. Nikamwuliza mama atakuja lini kunifungia skatingi. Akaja na kompresa, akaunganisha, akanikabidhi bunduki, akakaa kwenye sanduku.

"Mimi ni mtu wa dawa, mama."

"Na mimi nilikuwa mtu wa simu."

Nikavaa miwani. Akaniambia nivute pumzi kwanza. Mbao ya kwanza niliipiga misumari tisa, mingi mno, na kona nilipoifunga ilikaa upande, inajulikana hata kwa aliyesimama mlangoni. Mama akaja, akainama, akaikagua kwa muda mrefu.

"Itoe. Anza upya."

Niliitazama ile kona. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa yangu.

"Siitoi," nikamwambia. "Hii ni nyumba yangu, inabaki hivyo hivyo."

Mama akanyooka. Nilifikiri nimemkera. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akarudi kukaa kwenye sanduku akijifuta machozi.

"Haya, mwenye nyumba," akasema. "Lete mbao ya pili."